Jinsi ya kupima asteroidi inayojigeuza polepole, ukiwa uani kwako Uganda

Glauke, asteroidi nambari 288, ni mwamba wenye upana wa kilomita 32 hivi unaozunguka Jua katika ukanda ulio kati ya Mirihi na Mshtarii. Robert Luther aliigundua mjini Düsseldorf, Ujerumani, tarehe 20 Februari 1890. Ilibidi ifike miaka ya 1980 ndipo wanafalaki watambue jambo lake kubwa: inajigeuza kwenye mhimili wake mara moja tu kila siku 50 hivi. Asteroidi nyingi humaliza mzunguko huo kwa saa chache. Vesta hutumia saa 5 na dakika 20, Ceres saa 9. Kwenye Glauke, Jua likichomoza linakaa angani kwa karibu siku 25 zetu, kisha giza linaingia kwa siku nyingine 25.

Mimi ni fundi wa sola na redio hapa Bweyale, wilaya ya Kiryandongo, kando ya barabara ya Kampala kwenda Gulu. Mji wetu una watu wa kila kabila na wakimbizi wa nchi jirani, kwa hiyo Kiswahili ndicho tunachouziana na kusalimiana nacho, na ndicho ninachotumia kumfundisha yeyote anayekuja uani kwangu usiku kuuliza ninapiga picha ya nini. Haya ndiyo ninayowaeleza.

Tunachopima ni mwangaza: jiwe refu likijigeuza hutuonyesha ubavu mpana likang'aa, kisha ncha nyembamba likafifia, na grafu ya mwangaza huo kwa siku ndiyo inayotoa muda wa mzunguko. Kwanza elewa kwa nini kazi hii inatufaa. Anayepima asteroidi ya kasi anahitaji usiku mzima wa anga safi. Wingu likitanda saa sita, kipande cha grafu yake kimekwenda. Hapa kwetu usiku mzima usio na wingu ni wa kutafuta. Glauke haina haraka. Kutoka inapong'aa zaidi hadi inapofifia zaidi ni siku 12 au 13, kwa hiyo vipimo viwili vya dakika chache kila usiku vinatosha, na ukikosa usiku mmoja au miwili kwa sababu ya mvua hujapoteza kitu. Unachohitaji ni miezi mitatu au minne ya kutoka nje kila mara anga linapofunguka. Mtu mwenye kazi ya mchana na watoto wa kulisha anaweza kuifanya kabla ya kulala. Vituo vikubwa vina foleni ya watu wanaogombea darubini, na si rahisi kumpa mtu mmoja miezi minne kwa jiwe moja. Hata setilaiti ya TESS, iliyorushwa 2018 na kupata asteroidi nyingi za polepole, hukazia macho kipande kimoja cha anga kwa siku 27 hivi tu kabla ya kugeukia kingine. Glauke katika siku 27 imefika nusu ya safari yake.

Pili, tuko karibu na Ikweta. Asteroidi za ukanda huu hazitoki mbali na njia ya Jua angani, na njia hiyo kwetu hupita juu mwaka mzima. Glauke ikiwa mkabala na Jua, yaani Dunia iko katikati yao, hapa hupanda nyuzi 60 au zaidi, iwe Januari au Julai. Huko Ulaya kaskazini kuna miaka inapotambaa juu ya miti tu, ndani ya vumbi na moshi. Na usiku wetu una saa 12 karibu siku zote.

Jiwe lenyewe

Glauke ni ya aina ya S, yaani asteroidi za mawe: madini ya silika kama olivini na pirokseni, yamechanganyika na chuma na nikeli. Asteroidi za namna hii hurudisha takriban asilimia 20 ya mwanga wa Jua, wakati zile nyeusi zenye kaboni hurudisha asilimia 5 hivi. Hilo linakusaidia: jiwe la upana uleule likiwa jeusi lingekuwa limefifia mara kadhaa zaidi kwenye kamera yako.

Nawaambia wageni wangu kwamba Waganda wameshashika mawe ya ukoo huu kwa mikono. Tarehe 14 Agosti 1992, mnamo saa tisa na dakika arobaini alasiri, vimondo vilianguka Mbale, vipande vingi vyenye jumla ya uzito wa takriban kilo 150. Kimoja kidogo kilipita kwenye majani ya mgomba kikampiga mvulana kichwani, naye hakuumia. Vimondo vya Mbale ni vya aina ya kondriti za kawaida, yaani vimondo vya mawe. Mwaka 2010 chombo cha Japani, Hayabusa, kilileta chembe za udongo kutoka asteroidi Itokawa, ya aina ya S, na zilipochunguzwa ikathibitika kwamba kondriti za kawaida na asteroidi za mawe ni kitu kimoja. Ukiitazama nukta yako kwenye kompyuta, unajua jiwe lake limetengenezwa na nini.

Kwa nini jiwe lijigeuze polepole hivyo? Mwanga wa Jua hulipasha joto, nalo hulirudisha joto hilo angani. Joto linapotoka husukuma kidogo sana, na kwa kuwa umbo la jiwe halilingani pande zote, msukumo huo unaweza kuongeza mwendo wa kujigeuza au kuupunguza kwa mamilioni ya miaka. Jambo hili linaitwa YORP, herufi za mwanzo za majina ya watafiti wanne, na mwaka 2007 lilionekana likitenda kazi waziwazi kwenye asteroidi ndogo iliyopewa jina hilohilo. Lakini kadiri jiwe lilivyo kubwa ndivyo msukumo unavyochelewa, na Glauke si ndogo. Ndiyo maana kila kipimo kizuri cha mawe makubwa ya polepole kina thamani.

Kabla ya kutoa kifaa nje

Nenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa. Silisemi hili kama adabu tu. Bomba jeusi juu ya miguu mitatu, limeelekezwa juu, mtu ameinama nyuma yake na taa nyekundu saa nne za usiku: askari wa doria hana namna ya kujua ni kitu gani. Mwonyeshe mwenyekiti kifaa mchana, mruhusu atazame kilima cha mbali, mwachie namba yako ya simu, umwombe awaeleze walinzi wa mtaa. Jioni ya kwanza mkaribishe na jirani zako watazame Mwezi na pete za Zohali. Wazee wengi wa kaskazini wanakumbuka kupatwa kwa Jua kwa tarehe 3 Novemba 2013, watu walipofurika Pakwach kutoka kila pembe, kwa hiyo mazungumzo hayawi magumu.

Vifaa ni hivi. Kamera ya lenzi za kubadilisha, hata ya mitumba, ili mradi inahifadhi picha ghafi (RAW) badala ya JPEG peke yake. Lenzi ya milimita 200 yenye mdomo mpana, f/2.8 hivi, au darubini ya kioo cha milimita 130 hadi 150. Mtambo unaofuata nyota kwa mota. Stendi nzito. Betri ya sola ya volti 12. Kompyuta ya mkononi, ya zamani inafaa. Glauke huwa na mwangaza wa kati ya magi 12 na 14 inapokuwa upande wetu. (Katika kipimo cha magi, namba ikipanda mwanga umefifia; jicho tupu huishia kwenye 6 hivi.) Lenzi ya 200 itaifikia vizuri hadi 13 na kidogo, baada ya hapo darubini inahitajika.

Sasa shida ambayo miongozo ya wenzetu wa Ulaya na Marekani haiitaji kamwe. Mhimili wa mtambo lazima uelekee ncha ya kaskazini ya anga, na urefu wa ncha hiyo juu ya upeo wa macho ni sawa na latitudo yako. London ni nyuzi 51. Bweyale ni nyuzi 2. Kampala haifiki hata 1. Maana yake mhimili unatakiwa kulala karibu sambamba na ardhi, na mitambo mingi ya bei nafuu skrubu yake inagoma kwenye nyuzi 10 au 15. Usiilazimishe, utavunja meno ya gia.

Suluhisho langu ni kabari ya mbao. Shusha mtambo hadi mwisho wake, soma namba, toa latitudo yako. Ikiwa umegomea 15 nawe uko nyuzi 2, seremala akukatie kabari ya nyuzi 13 kwa mbao ngumu iliyokauka. Mimi nilitumia mvule. Mbao mbichi itajikunja mvua ya kwanza ikianza na mhimili utahama. Kabari inakaa kati ya stendi na mtambo, upande mnene kusini, imefungwa kwa bolti inayopita katikati na nyingine mbili za pembeni, na washa pana chini ya kila nati. Halafu geuza stendi ili miguu miwili iwe kaskazini na mmoja kusini. Ule uzito wa kusawazisha unaoning'inia utapita katikati ya ile miwili bila kugonga. Mwisho funga mfuko wa mchanga chini ya stendi, kwa sababu mzigo wote sasa umeegemea mbele.

Nyota ya Kaskazini usihangaike nayo. Kwetu iko nyuzi moja au mbili juu ya ardhi, imezama kwenye miti na vumbi. Weka kaskazini kwa dira ya simu, simu ikiwa mbali na chuma, kisha usahihishe kwa kuangalia nyota zinavyohama. Chukua nyota iliyo karibu utosini: ikihamia kusini, mhimili wako umeelekea mashariki mno; ikihamia kaskazini, umeelekea magharibi mno. Kisha chukua nyota iliyo chini upande wa mashariki: ikihamia kusini, mhimili uko chini mno; kaskazini, uko juu mno. Rekebisha kidogokidogo hadi nyota itulie kwa dakika tano. Ukimaliza, chora alama za miguu ya stendi kwenye saruji. Kama uani kwako ni udongo, mwaga zege la vikombe vitatu vidogo uache vishimo. Kazi ya saa moja na nusu itakuwa ya dakika kumi kila usiku unaofuata.

Kuitafuta

Tovuti ya Minor Planet Center, kituo cha dunia cha kuandikisha asteroidi, ina ukurasa wa kukokotoa mahali pa asteroidi. Andika 288, weka tarehe, longitudo na latitudo yako. Huduma ya Horizons ya JPL, maabara ya NASA, inatoa hayo pia, pamoja na umbali wa asteroidi kutoka kwetu, umbali wake kutoka Jua, na pembe ya awamu, yaani pembe kati ya Jua na Dunia ukiwa umesimama kwenye asteroidi. Omba hizo safu tatu kwa kila usiku wa miezi minne, uhifadhi kwenye kompyuta, usitegemee bando la kila jioni.

Glauke hurudi mkabala na Jua kila baada ya miezi 15 hivi. Anza majuma sita kabla ya tarehe hiyo. Ikiangukia Machi hadi Mei, au mvua za pili za Agosti hadi Novemba, panga kufanya kazi usiku wa manane, kwa kuwa dhoruba zetu nyingi humwagika jioni kisha anga likafunguka, tena likiwa limeoshwa. Ikiangukia Januari utakuwa na usiku mwingi mkavu, ila moshi wa nyasi zinazochomwa utakula mwanga karibu na upeo. Subiri asteroidi ipande juu ya nyuzi 50 ndipo upige.

Elekeza kamera, piga picha kumi za sekunde 60 kila moja. Ngoja saa moja, piga kumi nyingine. Programu ya ASTAP, ambayo ni ya bure, itatambua ni kipande gani cha anga na kuunganisha picha kumi kuwa moja. Fungua picha mbili zilizounganishwa, moja juu ya nyingine, uzibadilishe haraka kwa kidole.

Hapa ndipo mtoto wa kaka yangu alipokamatwa na kazi hii. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akibonyeza mbele, nyuma, mbele, nyuma. Skrini nzima imejaa nukta nyeupe na hakuna kinachosogea. Kisha akaleta uso karibu na kioo.

"Shangazi, hii inaruka."

"Inaruka kwenda wapi?"

"Magharibi. Kidogo tu."

"Zilizo jirani nazo?"

"Zimesimama zote."

Ndiyo hiyo. Kwa saa moja, asteroidi ya ukanda huu ikiwa mkabala na Jua husogea kama sekunde 35 za nyuzi (nyuzi moja ina sekunde 3,600), ambazo kwa lenzi ya 200 na kamera ya kawaida ni pikseli nane hivi. Kwa siku nzima husogea karibu nusu ya upana wa Mwezi mpevu. Linganisha na mahali ulipopewa na Minor Planet Center, zikikubaliana, umeipata. Kuanzia hapo hutahitaji tena kuruka kati ya picha, utaijua kwa mahali pake.

Usiku wa kawaida

Tumia mipangilio ileile kila usiku: ISO ileile, mdomo wa lenzi uleule, sekunde zilezile. Legeza fokasi kidogo mno ili kila nyota itandaze mwanga wake kwenye pikseli kadhaa badala ya moja. Piga picha kumi, pumzika nusu saa, piga kumi nyingine. Kisha funika lenzi upige kumi za giza kwa muda uleule, ambazo programu itazitoa kwenye picha zako ili kuondoa kelele ya kamera. Alfajiri moja kwa juma, tandaza fulana nyeupe mbele ya lenzi upige anga linapopambazuka. Picha hizo zinaonyesha pembe zipi za lenzi zina kiza, nazo zitasahihishwa.

Umande ni adui wa kweli. Tengeneza koo la lenzi kwa godoro jembamba la sponji, lirefuke sentimita 20 mbele ya kioo. Vifaa vilale kwenye sanduku lenye mifuko ya kukausha unyevu, maana kuvu wa lenzi hapa hawachukui muda kuota.

Saa ziandike kwa uangalifu. Saa tatu usiku kwa Kiswahili ni 21:00 kwenye simu, na ni 18:00 kwa saa ya dunia, UT, inayotumika kwenye falaki. Ikifika saa tisa usiku, tarehe ya UT inabadilika ukiwa bado uani. Ili kuepuka mkanganyiko huu, andika siku ya Julian, hesabu ya siku isiyo na miezi wala miaka. Inabadilika saa sita mchana UT, yaani saa tisa alasiri kwetu, kwa hiyo usiku wako mzima una namba moja. Alasiri ya tarehe 1 Januari 2026 ilianza siku ya 2461042. Kwa asteroidi hii usahihi wa dakika moja unatosha sana. Hata robo saa ambayo mwanga wake hutumia kutufikia ni kitu kidogo mbele ya siku 50.

Mwezi nao una tabia yake. Mwezi mpevu huwa mkabala na Jua, na asteroidi yako, ikiwa kwenye ubora wake, iko hukohuko. Kila mwezi utapoteza siku tatu au nne za katikati. Pumzika.

Kupima

Mwangaza wa asteroidi haupimwi wenyewe, unalinganishwa na nyota za picha ileile. Hii ndiyo sehemu inayoamua kama kazi yako ni ya kuaminika, na kwa asteroidi ya polepole ina ugumu wa pekee. Anayepima jiwe la saa tano ana nyota zilezile usiku mzima. Hata kama thamani zake zimekosewa, umbo la grafu linabaki. Wewe kila usiku una nyota mpya, kwa sababu asteroidi imehama. Nyota za leo zikikosewa kwa magi 0.1 na za kesho zisikosewe, utaona asteroidi ikibadilika wakati haijabadilika.

Kwa hiyo chukua thamani zote kutoka katalogi moja ya nyota, APASS kwa mfano, usichanganye. Tumia nyota tano au zaidi kila usiku, si moja. Zichague zenye rangi ya kukaribia Jua, ambazo B (magi kwa mwanga wa buluu) ukitoa V (magi kwa mwanga wa kijani) ni kati ya 0.5 na 0.9, maana asteroidi ya mawe iko humo pia. Kutoka kamera ya rangi tumia safu ya kijani peke yake, iliyo karibu na kipimo cha V. Nyota moja ikitofautiana na wenzake usiku baada ya usiku, itupe. Huenda yenyewe ni ya kubadilika. Na usiku ambao asteroidi imepita juu ya nyota hafifu, hasa ndani ya Njia ya Maziwa, usiuhesabu kabisa. Fungua Stellarium, programu ya ramani ya anga, mapema uone itakapopita.

Ukipata kutokuwa na hakika kwa magi 0.05, umefanya vizuri. Tofauti kati ya kilele na bonde la Glauke imewahi kupimwa karibu magi 0.9, yaani kilele kina mwangaza wa zaidi ya mara mbili ya bonde.

Kuondoa umbali

Asteroidi inafifia pia kwa sababu inaenda mbali, na hilo halihusiani na kujigeuza. Kwa kila kipimo, zidisha umbali wake kutoka Jua kwa umbali wake kutoka Dunia, vyote kwa kizio cha falaki (umbali wa wastani kati ya Dunia na Jua), chukua logi ya kumi, zidisha kwa 5, kisha utoe jibu hilo kwenye magi uliyopima. Mfano: asteroidi iko vizio 2.76 kutoka Jua na 1.76 kutoka kwetu. Zao ni 4.86, logi yake 0.687, mara 5 ni 3.43. Baadaye umbali wake kwetu umekuwa 2.00: zao 5.52, jibu 3.71. Asteroidi imefifia kwa 0.28 bila kujigeuza hata kidogo. Usipoondoa namba hiyo, grafu yako yote itainama.

Kisha kuna pembe ya awamu. Karibu na siku ya kuwa mkabala, uso wenye mawe na vumbi hung'aa ghafla zaidi, kwa kuwa vivuli vyake vimejificha nyuma ya mawe yenyewe. Baada ya hapo hufifia takriban magi 0.03 kwa kila nyuzi moja. Programu nyingi zina kanuni ya kusahihisha hilo, iitwayo H na G. Weka G kuwa 0.24, inayofaa asteroidi za mawe.

Grafu

Sasa una safu mbili kwenye Excel: siku ya Julian, na magi yaliyosafishwa. Zichore. Utaona milima na mabonde. Ili kupata muda wa mzunguko, kisia siku 40. Kwa kila kipimo toa siku ya kwanza, gawanya kwa 40, baki na desimali tu. Chora magi dhidi ya desimali hizo. Nukta zitatawanyika ovyo. Jaribu 41, 42, endelea hadi 60. Kwenye jibu sahihi nukta za mwezi wa kwanza na za mwezi wa tatu zitalala juu ya mstari mmoja.

Kumbuka jiwe refu huonyesha ubavu wake mpana mara mbili kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo tarajia milima miwili. Ukipata mlima mmoja tu kwa siku 25, jibu la kweli huenda ni 50. Tazama kama milima inatofautiana urefu. Mashaka yawe makubwa zaidi jibu likikaribia siku 29 na nusu, maana huo ni mwendo wa Mwezi, na mapengo uliyoyaacha kila Mwezi mpevu yanaweza kuigiza mzunguko.

Na kama baada ya yote nukta hazikubali kulala juu ya mstari mmoja, ingawa nyota zako ni safi, usizitupe. Jiwe la polepole likigongwa huanza kuyumba, likijigeuza kwenye mhimili zaidi ya mmoja, na huchukua muda mrefu sana kutulia. Glauke yenyewe imeshukiwa kuyumba kidogo. Data yako ndiyo itakayoonyesha.

Ukimaliza, andika vipimo kwa muundo wa ALCDEF, ghala la wazi la grafu za asteroidi linalopokea kazi ya mtu yeyote aliyefuata utaratibu: siku ya Julian, magi, kosa lake, katalogi uliyotumia, mahali ulipo. Asiye na kamera anaweza kuomba muda kwenye mtandao wa darubini wa Las Cumbres kupitia washirika wake wa elimu. Wana darubini Sutherland, Afrika Kusini, na hesabu zote nilizoeleza ni zilezile. Mwenye darubini kubwa zaidi akitaka jiwe la pili ajaribu 1220 Crocus, la mawe pia, linalojigeuza kwa siku 20 hivi, ila limefifia kuliko Glauke. Picha ghafi zote zihifadhi kwenye diski mbili, moja isikae nyumba moja na nyingine, ili katalogi bora ya nyota ikitoka uzipime upya tangu usiku wa kwanza.